Gari la Jamaa: Tulivyoipima X-Trail Kabla ya Kutoa Fedha

Juma baada ya juma dada zetu hutuuliza juu ya magari, na mara nyingi swali huja limechelewa: fedha zimekwisha kutolewa, gari limekwisha kuletwa nyumbani, na sasa limeanza kutetemeka. Makala haya yanawahusu wale ambao bado hawajatoa fedha zao. Nimeyaandika kwa kuwa nyumba yetu wenyewe ilipitia mtihani huo, na nusura tuanguke.

Sisi ni watu 7: mimi, mume wangu, watoto 4, na mavyaa wangu ambaye amepindukia miaka 70 na anaumwa na magoti. Twaishi Likoni. Gari letu la zamani lilikuwa dogo, la viti 5, na kila siku ya kliniki ya mavyaa pale hospitali kuu ya Makadara ilitubidi tuamue ni mtoto yupi atakayepelekwa shule kwa tuktuk. Kwenye feri, maji yanapokupwa na njia ya kupandia ikawa na mwinamo mkali, bampa la mbele lilikwaruza chuma hadi likavuka rangi. Njia mpya ya Dongo Kundu imetupunguzia foleni tunapokwenda bara, lakini kwa mwenye shughuli zake kisiwani, feri bado ndiyo njia. Mume wangu alikuwa ameweka akiba kwa miaka 6, nami nikaongeza fungu langu la chama cha kina mama. Jumla ilifika shilingi milioni 1 na laki 4, na nyuma ya fedha hizo hapakuwa na nyingine.

Tulikubaliana kutafuta gari la aina ambayo wauzaji huiita krosova. Neno hilo huwababaisha wengi. Krosova kwa umbo hufanana na jipu, lakini haikujengwa kama jipu. Land Cruiser Prado, kwa mfano, ina fremu nzito ya chuma chini, na bodi imewekwa juu yake. Ndiyo maana huvumilia mawe na mashimo mwaka nenda mwaka rudi. Krosova ni gari la kawaida lililoinuliwa: bodi na chesisi ni kitu kimoja. Kwa hiyo ni jepesi, halinywi petroli sana, na huwa tulivu barabarani. Lakini pia, likipata ajali kubwa, mwili mzima huwa umeguswa, si bodi pekee. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani ndilo lililokuja kutuokoa.

Katika orodha yetu kulikuwa na Toyota RAV4, Subaru Forester, Mazda CX-5 na Nissan X-Trail. Zote ni gari njema. Kilichotuvuta kwenye X-Trail ni hesabu ya viti tu. Kizazi chake kinachojulikana kwa alama ya T32, kilichoanza kuuzwa Japani Desemba 2013 na kuendelea hadi 2022, kilitengenezwa kwa safu mbili na pia kwa safu tatu, yaani viti 7. Injini ni ya petroli ya lita 2, nguvu farasi 147, nayo huzungushwa kwa cheni wala si mkanda, hivyo hakuna gharama ya kubadilisha mkanda. Ipo pia ya haibridi, lakini hiyo huja kwa viti 5 peke yake, na betri yake kubwa imewekwa chini ya sakafu ya buti. Mwenye jamaa ya watu 7 asipoteze wakati kwa haibridi.

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka, na sharti usukani uwe upande wa kulia. Ndiyo sababu utaona kadiri mwaka wa kusajiliwa unavyokuwa karibu ndivyo bei inavyopanda. Nasi tuliikuta yetu, au tuliyodhani kuwa yetu, katika yadi moja hapa Mombasa: nyeupe, inang'aa, viti 7, dashibodi ikionyesha kilomita 61,000. Bei, milioni 2 na laki 3. Karani wa yadi akatuambia kuna mteja mwingine atakayekuja jioni. Huyo mteja wa jioni, wasomaji wangu, nimekuja kugundua kuwa yuko katika kila yadi.

Hatukuja na fundi siku ya kwanza. Tulikuja na mavyaa na watoto wote 4, jambo ambalo karani hakulipenda, na leo naliona kuwa ndilo tulilofanya vizuri kuliko yote. Gari hupimwa na wale watakaolipanda. Mavyaa alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akageuka, akakaa kitako, kisha akaingiza miguu. Hakulazimika kujishusha kama anavyofanya katika gari dogo, wala kujikweza kama anavyofanya katika matatu. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kiti kilicho sawa na urefu wa nyonga ni rehema. Lakini buibui lake lilikwama kwenye ukingo wa mlango, ambao ni mpana, na lilitoka na mstari wa vumbi. Jaribuni nyinyi wenyewe, mkiwa mmevaa mnavyovaa siku zote, na mfanye hivyo mara tatu au nne. Jambo dogo siku ya kwanza huwa kero likirudiwa kila asubuhi.

Safu ya tatu ni ya watoto. Hili halifichiki. Mume wangu alijaribu kukaa huko, magoti yakamfika kidevuni. Binti yetu wa miaka 9 na kaka yake wa 11 walikaa kwa raha, ila ilibidi safu ya katikati isogezwe mbele kidogo. Na viti vya nyuma vikiwa vimesimamishwa, buti lililobaki latosha mifuko miwili mitatu ya sokoni. Kitimaguru hakiingii. Safari ya Malindi siku za Idi, watu 7 na mizigo yao, itahitaji kichukuzi cha juu ya paa. Muuzaji hatakwambia hayo. Atakuonyesha viti 7, halafu atavikunja na kukuonyesha buti kubwa, wala hatakuonyesha vyote viwili kwa pamoja.

Kuhusu mtoto mchanga, niruhusuni niseme kwa mkazo kidogo. Desturi yetu ya kumpakata mtoto kiti cha mbele ni ya hatari kubwa. Gari likigonga kitu hata kwa mwendo wa mjini, mikono ya mama haina nguvu ya kumzuia, na mfuko wa hewa hufumuka kwa kishindo kinachoweza kumuua mtoto aliye karibu nao. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Safu ya katikati ya gari hili ina vishikio vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto. Vipapase kwa vidole baina ya mgongo wa kiti na kalio lake, uhakikishe vipo na havikupinda. Kisha vuta kila mkanda hadi mwisho, mmoja mmoja, yote 7, na uuache ujirudie. Unaosita kurudi, au ulio mpya ilhali wenzake wamechakaa, una kisa chake.

Tuliwasha kiyoyozi jua likiwa utosini. Baada ya dakika kumi viti vya mbele vilikuwa baridi, vya katikati vyavumilika, na watoto wa nyuma walikuwa wakipepea kwa madaftari yao. Kwa mji wenye joto kama wetu hili si jambo la anasa. Viti vyenyewe vilikuwa vya kile kitambaa kisichopenya maji ambacho Nissan ilikiweka katika matoleo mengi ya Japani, nami nilimwaga maji kidogo kwa makusudi, karani akinitazama. Yalifutika.

Siku ya pili tulikwenda na fundi wetu. Huyu ni fundi wa jamaa yetu tangu enzi za mkwe wangu, si fundi wa yadi. Tofauti hiyo ina thamani ya ujira aliotutoza. Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na moto. Akasema hatutaendelea, turudi kesho yake, gari liwe halijawashwa. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mambo: moshi wa asubuhi, mlio wa cheni iliyolegea, mtetemo wa kuanza.

Kesho yake injini ilikuwa nzima. Mashaka yake makubwa yalikuwa kwenye giaboksi. X-Trail hii haina gia za hatua kwa hatua. Ina mkanda wa chuma unaoteleza baina ya kapi mbili, mfumo ambao mafundi huuita CVT. Ukitunzwa ni mlaini mno. Ukitiwa mafuta yasiyo yake, au mafuta yakaachwa mpaka yakawa meusi na kunuka kuungua, huanza kutetemeka, halafu hushindwa mlimani, na kuubadilisha ni mamia ya maelfu ya shilingi. Mafuta yake ni ya alama ya NS-3. Mafuta ya giaboksi ya kawaida hayafai, hata fundi wa kando ya barabara akikuapia. Fundi wetu hushauri yabadilishwe kila kilomita 40,000.

Kwa hiyo hatukulijaribu gari kwa kuzunguka yadi. Tulilipeleka Mazeras. Kutoka Miritini barabara hupanda, malori ya makontena yamejaa, na unalazimika kwenda polepole, kusimama, kuondoka tena. Kama CVT ina ugonjwa, hapo ndipo itakapousema, hasa mafuta yakiwa yamepata moto. Fundi alizima redio akatutaka tunyamaze. Alisikiliza kama injini inapanda sauti bila gari kuongeza mwendo, na kama kuna mtikisiko baina ya kilomita 20 na 40 kwa saa. Haukuwepo. Mume wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya yadi.

Kurudi, fundi alitandika karatasi ya boksi akaingia chini ya gari. Kwa sisi watu wa pwani, kutu ni adui wa kila siku, lakini gari laweza kuja nayo kutoka Japani vilevile, kwani katika majimbo ya theluji kama Hokkaido barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Kutu ya juu juu kwenye bomba la moshi si neno. Kutu inayobanduka magamba kwenye maungio ya chuma na mahali pa kufungia miguu ya magurudumu ni sababu ya kuondoka. Chini kulikuwa safi.

Kisha akafungua buti, akainua zulia la sakafu, akanyamaza.

Alinionyesha kwa ncha ya bisibisi. Kiwandani, gundi ya kuziba maungio ya vyuma hupakwa na mashine, mstari mmoja ulionyooka. Upande wa kushoto ulikuwa hivyo. Upande wa kulia gundi ilikuwa imepakwa kwa mkono, nene hapa, nyembamba pale. Bolti za mlango wa buti zilikuwa na alama za spana. Rangi ya ndani ilikuwa na mafua madogo madogo kama ngozi ya chungwa. Gari lilikuwa limegongwa nyuma, vibaya, likakatwa na kuungwa.

Magari ya Japani mengi huuzwa mnadani, na kila moja huandikiwa karatasi ya ukaguzi. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri kwa gari lililotumika. Herufi R humaanisha gari lilipata ajali na sehemu za kiunzi zikarekebishwa. Kuna picha ya gari yenye alama ndogo: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipopigwa rangi upya, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Tulimwomba karani karatasi hiyo, akasema ilipotea. Basi wifi yangu, ambaye ni hodari wa mambo ya mtandao, aliitafuta kwa nambari ya chesisi na kulipia nakala. Ilikuja usiku huohuo. Daraja: R. Mlango wa nyuma: XX. Na kilomita hazikuwa 61,000. Zilikuwa 96,000, zilizoandikwa kabla gari halijapanda meli.

Tuliporudi, karani hakukana. Alisema magari yote yako hivyo, na papo hapo akapunguza laki 2. Hapa naomba msomaji asituhukumu: tulisitasita. Injini ilikuwa njema, giaboksi njema, na laki 2 ni karo. Mume wangu alianza kunong'ona kwamba ajali ilitengenezwa vizuri, kwamba hata fundi amechukua muda kuiona. Mavyaa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akitusikiliza, aliuliza swali moja tu: "Kwani kiti kile cha nyuma atakaa nani?"

Kiti kile kingekaliwa na watoto wawili, migongo yao ikiwa karibu na mlango uliobadilishwa, juu ya chuma kilichoungwa na mtu tusiyemjua. Tukaondoka.

Wapo watakaouliza hukumu ya biashara kama hiyo. Kuficha aibu ya bidhaa ni haramu, na fiqhi inampa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua kasoro ya zamani ambayo hakuambiwa na inayopunguza thamani ya kitu, ana haki ya kukirudisha. Lakini haki iliyo kitabuni na fedha iliyo mfukoni mwa mwingine ni vitu viwili. Ni afadhali kasoro ijulikane kabla ya mkono kutoa.

Tulipata nyingine baada ya wiki 5. Si ya yadi. Ni ya mwalimu mmoja aliyekuwa akihama, X-Trail ya viti 7 yenye namba za KD, kilomita 118,000 zisizofichwa, na bahasha ya risiti za gereji tangu siku ilipoingia nchini. Ilikuwa na mikwaruzo ya feri, kama ile ya gari letu. Ilibeba ule mwendo wote, lakini mafuta ya CVT yalikuwa yamebadilishwa mara mbili, na risiti zikisema NS-3. Tulifanya yote tena: kiganja juu ya boneti, Mazeras, zulia la buti, mikanda 7. Safari hii fundi alichomeka pia mashine ya kusomea kompyuta ya gari, kuona kama kuna hitilafu zilizofutwa karibuni. Tuligundua mambo mawili. Shoki za nyuma zimechoka, na hakuna tairi la spea, ila pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha, kama ilivyo kwa magari mengi ya siku hizi kutoka Japani. Mwenyewe alikuwa ameshatuambia lote la shoki. Bei ikashuka hadi milioni 1 na laki 9.

Kabla ya kulipa tulichukua rekodi ya gari kutoka NTSA kupitia eCitizen, kwa ada ndogo. Rekodi hiyo huonyesha mwenye gari ni nani na kama liko rehani kwa mkopeshaji. Watu wengi wamenunua magari ambayo logibuku zake zilikuwa zimewekwa dhamana, wakanyang'anywa barabarani. Na jina likaguliwe na kitambulisho, lisiwe la shemeji wala la binamu aliyeko safarini.

Fedha zilizopungua, laki 5, hatukuzikopa kwa riba. Tangu 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sharia kikamilifu, na kwa njia ya murabaha benki hulinunua gari kwanza, likawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei iliyoongezwa faida mnayoijua nyote tangu mwanzo. Bei hiyo haipandi ukichelewa. Ulizeni swali moja mnapokaa na afisa: ni lini gari linakuwa mali ya benki kabla ya kuwa langu? Ikiwa jibu ni kwamba fedha zinakwenda moja kwa moja kwako ukanunue mwenyewe, hiyo si murabaha kwa lolote. Benki ilituomba pia ripoti ya mthamini, na bima tukachukua ya takaful. AA Kenya nao hukagua magari na kuyathamini, kwa wale wasio na fundi wa kuaminika.

Sasa ni mwezi wa tatu. Shoki zimebadilishwa, tairi la spea tumelinunua na limefungwa juu ya paa kwa kuwa buti halina nafasi. Petroli, kwa foleni zetu, hutupa kilomita 9 au 10 kwa lita, mbali na zile 16 na zaidi za vitabu vya Japani. Redio hushika stesheni chache tu, kwa sababu masafa ya huko huanzia 76 na kuishia mapema kuliko yetu. Kila asubuhi gari likiwashwa, sauti ya mwanamke hututamkia maneno ya Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haikuwekwa. Mavyaa humwitikia "Waalaykum salaam", akafunga mkanda wake, na twaelekea feri.